Nyumba, maji na dawa: ni haki ya kudai mahakamani au ni hisani ya serikali?

#1 Mkwezi

Wakuu, salaam.

Kwenye ule uzi wa bomoabomoa kuna mchangiaji alisema haki za binadamu ni kupiga kura, kusema na kuabudu, basi. Nyumba, maji na dawa akaviita "maendeleo": unavipata serikali ikiwa na uwezo, ikikosa unavumilia. Wengi walimuunga mkono. Nimeona nimjibu kwa kisa cha Afrika Kusini, kwa sababu kule swali hilo hilo lilipelekwa mahakamani na likajibiwa.

Wallacedene ni makazi ya mabanda nje ya Cape Town, upande wa mashariki. Mwaka 1998 hapakuwa na huduma ya maji, ya maji taka wala ya kuzoa taka, na mabanda yenye umeme yalikuwa asilimia 5 tu. Mama mmoja, Irene Grootboom, aliishi na familia yake pamoja na ya dada yake kwenye banda la mita za mraba 20 hivi. Watu wengi pale walikuwa wamejiandikisha kupata nyumba za bei nafuu za serikali, na wengine walishangoja miaka 7. Mwishoni mwa Septemba 1998 baadhi yao walichoka, wakahamia kiwanja kitupu cha jirani ambacho kilikuwa mali ya mtu binafsi. Wakakiita New Rust.

Mwenye kiwanja akapata amri ya mahakama. Mei 1999 wakaondolewa, siku moja kabla ya tarehe waliyoambiwa, kwa gharama za manispaa. Mabanda yakasukumwa na tingatinga na kuchomwa moto. Waliokuwa kazini saa hiyo hawakuwahi kuokoa hata sufuria. Kurudi Wallacedene hawakuweza, nafasi zao zilikwishachukuliwa na wengine. Wakajibanza kwenye uwanja wa michezo chini ya maturubai, na majira ya baridi ya Cape ndiyo majira ya mvua. Walikuwa watu wazima 390 na watoto 510.

Naomba msipite haraka hapo penye "gharama za manispaa". Manispaa ile ile ambayo haikuwa na fedha ya kuwapa watu hao hata mabati ilikuwa na fedha ya kukodi tingatinga.

Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 26, inasema kila mtu ana haki ya kupata makazi ya kutosha, na kwamba serikali lazima ichukue hatua za kuridhisha, kwa kadiri ya rasilimali zilizopo, kuitimiza haki hiyo hatua kwa hatua. Tarehe 4 Oktoba 2000 Mahakama ya Katiba ikatoa hukumu iliyoandikwa na Jaji Zak Yacoob, mtu asiyeona tangu utotoni, ambaye kabla ya ujaji alikuwa wakili aliyepambana na ubaguzi wa rangi. Kwa maneno yangu, mahakama ilisema hivi: mpango wenu wa nyumba ni mzuri kwa miaka ijayo, lakini hauna chochote kwa mtu asiye na paa usiku wa leo. Mpango unaomsahau aliye katika shida kuliko wote si wa kuridhisha, na kwa hiyo unavunja katiba.

Mahakama haikuamuru kila mmoja ajengewe nyumba, wala haikuweka tarehe ya mwisho. Sera ya taifa ya makazi ya dharura ilikuja mwaka 2004. Irene Grootboom, ambaye jina lake linasomwa na wanafunzi wa sheria duniani kote, alifariki mwaka 2008 akiwa bado anaishi kwenye banda.

Sasa kisa cha pili, nchi ile ile, mahakama ile ile, miaka 2 baadaye. Virusi vya Ukimwi vilikuwa vinawapata watoto wengi wakati wa kuzaliwa. Dawa ya nevirapine, dozi moja kwa mama na moja kwa mtoto, ilikuwa inapunguza sana hatari hiyo, na kampuni iliyoitengeneza ilishajitolea kuitoa bure kwa miaka 5. Serikali ya Rais Thabo Mbeki ikaifungia kwenye vituo 2 vya majaribio kila mkoa. Mama anayejifungulia hospitali nyingine ya umma, hata daktari akiwa anajua kabisa cha kufanya, hakupewa. Kikundi cha Treatment Action Campaign, yaani TAC, kilichoanzishwa tarehe 10 Desemba 1998, kikaishtaki serikali. Tarehe 5 Julai 2002 Mahakama ya Katiba ikaamuru zuio hilo liondolewe na dawa itolewe.

Na dawa ikatolewa. Mkoa wa Mpumalanga uliposuasua, TAC walirudi tena mahakamani. Kabla na baada ya kesi waliandamana, na waliwafundisha wagonjwa wenyewe, akina mama wa mitaani waliosoma kidogo, jinsi kirusi kinavyofanya kazi na dawa inavyokizuia, hadi wakaweza kubishana na viongozi wa wizara. Mwenyekiti wao, Zackie Achmat, yeye mwenyewe akiwa na virusi, alikataa kumeza dawa za kununua mpaka zipatikane kwa mtu wa kawaida kwenye hospitali za umma. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walikuja kukadiria kwamba ucheleweshaji wa serikali ile kati ya 2000 na 2005 uligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000. Bila kesi ile na maandamano yale, hesabu ingekuwa kubwa zaidi.

Hoja yangu ndiyo hii. Hukumu zote mbili ni nzuri. Nyuma ya ile ya dawa palikuwa na watu waliojipanga ambao siku ya hukumu hawakurudi nyumbani, na nyuma ya nyingine palikuwa na watu 900 wa uwanjani ambao wakili wao alipomaliza kazi hawakubaki na chombo cha kuendelea kudai. Mahakama inamfungulia maskini mlango, lakini haimbebi kumpitisha.

Sisi Tanzania bado tuko nje ya mlango. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 11, inataja haki ya kufanya kazi, ya elimu, na ya kusaidiwa na jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Maneno mazuri. Lakini yamewekwa kwenye Sehemu ya Pili ya Sura ya Kwanza, na ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayana nguvu ya kisheria mbele ya mahakama yoyote. Huwezi kusimama mbele ya jaji ukaidai ibara ya 11.

Naomba michango, hasa ya wasiokubaliana nami.

#2 Tende Kavu

Nafuatilia kwa makini. Hiyo ibara ya 7(2) wengi hatukuwahi kuisoma.

#3 Hesabu Kwanza

Mleta mada, heshima yako. Umeandika vizuri na visa vyako ni vya kweli, ila nakupinga kwenye msingi.

Umaskini hauondolewi na hakimu. Afrika Kusini ina katiba inayosifiwa dunia nzima, ina kifungu cha nyumba, cha afya, cha maji na cha chakula, na bado kwa vipimo vya Benki ya Dunia ndiyo nchi yenye pengo kubwa kuliko zote kati ya aliye nacho na asiye nacho. Sasa tazama China. Hakuna mwananchi wa China aliyemshtaki waziri kwa kukosa nyumba, lakini Benki hiyo hiyo inahesabu watu karibu milioni 800 waliotoka kwenye umaskini uliokithiri ndani ya miaka 40. Waligawa ardhi kwa kaya, wakajenga viwanda na barabara, wakasomesha watoto.

Pili, bajeti. Jaji hajui hospitali ina mashine ngapi. Ukimpa uwezo wa kuamuru huyu atibiwe, kuna mwingine ambaye hakuja mahakamani anakosa. Mwenye wakili anamnyang'anya asiye na wakili, na maskini wa kijijini ndiye wa mwisho kupata wakili.

Mimi ni mhasibu, nimefanya kazi kwenye halmashauri. Nimeona fedha za zahanati zinavyokuja nusu, na mwaka mwingine robo. Hakuna hukumu inayojaza pengo hilo. Natamani nguvu hizi zielekezwe kwenye kukusanya kodi na kuzuia wizi.

#4 Binti wa Kariobangi

Ndugu zangu wa Tanzania, hamjambo? Mimi niko Nairobi, naomba niingie kwa sababu sisi huo mlango tulishaufungua.

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43: afya, makao, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii, elimu. Vyote vinaweza kudaiwa kortini. Na kuna kifungu cha 20(5) ambacho ningependa ndugu Hesabu Kwanza akisome kwa utulivu: serikali ikisema haina rasilimali, ni juu yake kuthibitisha kwamba hazipo. Mzigo wa kuonyesha hesabu ni wa serikali, si wa mama mwenye banda. Wewe mhasibu utaelewa uzito wa hilo kuliko mimi.

Lakini sikia yaliyowapata watu wa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Septemba 2011 tangazo likatoka gazetini: siku 7 muwe mmehama. Wakaenda Mahakama Kuu, wakapata amri ya kusimamisha ubomoaji. Novemba hiyo hiyo 2011, amri ikiwa mkononi, tingatinga zikaja na kijiji kikalala chini. Mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi akasema haki zao zimekiukwa. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikaitupa hukumu hiyo. Tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Upeo ikairudisha kwa sehemu kubwa, ikasema korti zina uwezo wa kutoa amri na kisha kuifuatilia serikali itoe ripoti imefika wapi. Hukumu ya Grootboom ilitajwa mle ndani.

Hesabuni wenyewe kutoka 2011 mpaka 2021. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza siku ya tingatinga alikuwa ameshamaliza shule ya msingi na yuko sekondari. Familia zilisambaa Mukuru, Kibera, wengine wakarudi mashambani.

Mimi mwenyewe nimekulia mtaa wa mabanda na nimeona ubomoaji kwa macho. Watu wakishatawanyika, hata ukishinda kesi huwapati wa kuwapa habari. Kwa hiyo nakubaliana na Mkwezi juu ya kujipanga, ila naongeza: serikali inajua hilo, ndiyo maana inabomoa kwanza na kwenda kortini baadaye. Tunachohitaji zaidi ni amri ya kusimamisha inayoheshimiwa, na afisa anayeivunja aadhibiwe yeye binafsi.

#5 Mkwezi

Dada wa Kariobangi, asante sana. Hilo la adhabu kwa afisa binafsi nalichukua.

Hesabu Kwanza, nakujibu kwa heshima ile ile, na nakupa kwanza kile ambacho ni haki yako. Hofu yako juu ya mashine za hospitali ni ya kweli na mahakama ile ile iliijua. Mwaka 1997, kabla ya Grootboom, bwana mmoja wa Durban aitwaye Thiagraj Soobramoney, mwenye umri wa miaka 41, figo zake zilikuwa zimeshindwa kabisa. Hospitali ya umma ilikuwa na mashine chache za kusafisha damu, ikazitenga kwa wanaoweza kupona au kupandikizwa figo. Yeye hakuwa na sifa hizo kwa sababu ya moyo na kisukari. Mahakama ya Katiba ilimsikiliza, ikamwambia hapana, na siku chache baadaye akafariki. Kwa hiyo haikuwa mahakama ya kuamuru kila kitu kwa kila anayelia.

Hata kwenye maji haikutoa kila ilichoombwa. Wakazi wa Phiri, Soweto, walifungiwa mita za kulipia kabla. Jiji la Johannesburg lilikuwa likitoa bure lita 6,000 kwa nyumba kwa mwezi, hesabu iliyofanywa kwa lita 25 kwa mtu kwa siku. Nyumba yenye watu wengi, maji yanakatika kabla mwezi haujaisha. Mahakama Kuu ilisema lita 50, ya Rufaa ikasema 42, na mwaka 2009 Mahakama ya Katiba ikasema kiwango cha Jiji kinaridhisha, ibaki hivyo. Mimi hukumu hiyo inaniuma. Nadhani walikosea. Lakini inaonyesha kwamba picha ya jaji anayevuruga bajeti haipo kule.

Tena angalia kesi ya nevirapine: dawa ilikuwa ya bure. Hapakuwa na pengo la fedha la kujaza, palikuwa na kiongozi aliyekataa sayansi. Ukusanyaji wa kodi usingemwokoa hata mtoto mmoja.

Kuhusu China, milioni 800 ni kweli na ni jambo kubwa katika historia ya binadamu. Lakini nchi hiyo hiyo, kati ya 1959 na 1961, ilipoteza watu makumi ya mamilioni kwa njaa, na sababu mojawapo ni kwamba maofisa walipeleka juu takwimu za mavuno ya uongo na hakuna mahakama wala gazeti lililoweza kusema watu wanakufa. Serikali yenye uwezo isiyoulizwa inaweza kukutoa kwenye umaskini na inaweza kukuua, na wewe huna la kufanya kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mfano ninaoupenda zaidi ni India. Mwaka 2001 maghala ya taifa yalikuwa yamejaa nafaka, makumi ya mamilioni ya tani, huku watu wa Rajasthan wakifa njaa baada ya ukame. Shirika la People's Union for Civil Liberties likaenda Mahakama ya Juu kabisa. Katiba ya India haina kifungu cha chakula kinachodaiwa mahakamani. Inacho cha haki ya kuishi, ibara ya 21. Mahakama ikasema mipango ya chakula ambayo serikali yenyewe ilishaitangaza sasa ni stahili ya watu, na tarehe 28 Novemba 2001 ikaamuru shule za msingi za umma zitoe chakula kilichopikwa. Majimbo mengine yalivuta miguu kwa miaka. Leo ni watoto zaidi ya milioni 100 wanaokula shuleni. Mwaka 2013 Bunge likatunga sheria ya chakula. Nafaka ilikuwepo muda wote, Hesabu Kwanza. Kilichokosekana ni mtu wa kulazimisha ghala lifunguliwe.

#6 Mbongo wa Bellville

Habari zenu wakuu. Mimi nafanya biashara Bellville, huku Cape Town, jirani na Kraaifontein, na Wallacedene naifahamu kwa sababu nina wateja kule. Siku hizi kuna nyumba nyingi za serikali, zile ndogo za matofali ambazo watu huziita za RDP, zimepangwa mtaa kwa mtaa. Na pembeni yake mabanda bado yapo, maana watu wanazidi kuja kutoka Eastern Cape kutafuta kazi. Kwa hiyo anayesema hakuna kilichofanyika anakosea, na anayesema tatizo limekwisha anakosea pia.

Kuna kesi moja ambayo sisi wageni tunaishukuru sana na sioni ikitajwa. Mwaka 2004, kesi ya Khosa. Wasumbiji waliokimbia vita miaka ya 1980, wakaishi Afrika Kusini mpaka wakapata ukaazi wa kudumu, walikuwa wananyimwa pensheni ya uzee na posho ya watoto kwa sababu si raia. Mahakama ya Katiba, hukumu ya Jaji Yvonne Mokgoro, ikasema katiba imeandika "kila mtu", na mkaazi wa kudumu naye ni mtu. Serikali ilileta hoja ya gharama, mahakama ikaipima ikaona ongezeko ni dogo ukilinganisha na bajeti yote ya posho.

Na posho hizo si mchezo. Ya watoto ilianza mwaka 1998, leo inawafikia watoto zaidi ya milioni 12. Kwa wateja wangu naiona wazi: siku za malipo unga, mafuta na sare za shule ndivyo vinavyonunuliwa. Ndugu Hesabu Kwanza anasema Afrika Kusini ina pengo kubwa, ni kweli, naishi ndani yake. Lakini ondoa posho hizo leo uone watoto watakavyokonda.

Lisilofutwa na hukumu ni chuki. Tumeshachomewa maduka na watu ambao wenyewe wanangoja nyumba, wanaamini sisi ndio tumewachukulia. Foleni ikiwa ndefu, aliye nyuma anamchukia aliye pembeni yake badala ya kumuuliza aliye dirishani. Hilo nalo Mkwezi ulifikirie unaposema watu wajipange. Wajipange na nani, dhidi ya nani?

#7 Mwalimu wa Kasulu

Nachangia kwa upande wa elimu.

Tangu Januari 2016 tunafundisha chini ya elimu bila ada. Madarasa yalifurika, watoto ambao wazazi wao walishindwa ada wamerudi, na mimi nimewapokea kwa mikono yangu. Sina ugomvi na sera hiyo. Lakini ilikuja kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015. Kilicholetwa na waraka kinaweza kuondolewa na waraka.

Tumeliona hilo. Mwaka 2017 lilitoka tamko kutoka juu kwamba binti aliyepata mimba asirudi shule ya serikali. Novemba 2021 mlango ukafunguliwa tena, kwa tangazo la waziri na waraka. Kati ya hapo ni zaidi ya miaka 4. Nilikuwa na mwanafunzi mzuri sana wa hesabu, kidato cha pili, aliondoka katika kipindi hicho. Mlango ulipofunguliwa alikuwa na watoto wawili na mume Uvinza. Mwaka 2022 Kamati ya Afrika ya Wataalamu wa Haki na Ustawi wa Mtoto ilisema Tanzania ilivunja haki za mabinti hao. Vizuri, lakini kama ibara ya 11 ingekuwa na meno, mzazi wake angeweza kwenda mahakamani hapa hapa mwaka ule ule.

Na TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, vilevile. Kaya maskini inaingizwa kwenye mpango, inapata ruzuku, halafu siku moja jina halipo kwenye orodha. Bibi anakuja kuniuliza mimi mwalimu, kwa sababu najua kusoma. Namwambia aende kwa mtendaji. Mtendaji anamwambia orodha imetoka juu. Hana pa kwenda zaidi ya hapo. Tumeizoea hali ya kushukuru, tunampigia makofi aliyetupa, na hatuna neno la kumwambia anapotunyang'anya.

Swali langu kwa wanasheria: katiba ikiwa bado ni hii, hakuna njia kabisa?

#8 Hesabu Kwanza

Mbongo wa Bellville na Mwalimu, nimewasoma mara mbili. Kifungu cha 20(5) cha Kenya nimekitafuta, ni kweli kipo. Hicho nakikubali bila kusita: anayeshika kitabu cha hesabu ndiye aonyeshe. Na suala la mtu kuondolewa kwenye orodha bila maelezo ni suala la utawala bora, halihitaji fedha hata senti moja kulirekebisha.

Bado sikubali jaji apange idadi ya lita za maji. Lakini kumlazimisha mtendaji atoe sababu kwa maandishi, na mtu awe na pa kukata rufaa, hapo niko nanyi.

#9 Mkwezi

Mwalimu, njia ipo, nyembamba. Ni ile ya India. Ibara ya 14 ya katiba yetu, haki ya kuishi, iko Sehemu ya Tatu, na sehemu hiyo inadaiwa mahakamani tangu Machi 1988. Na pale Dar es Salaam njia hiyo ilishawahi kutumika vizuri sana.

Miaka ya 1980 Jiji lilikuwa linatupa taka Tabata, katikati ya makazi. Moshi, harufu, nzi. Wakazi wakashtaki, wakashinda mwaka 1988. Jiji halikuacha, likarudi mahakamani kuomba liongezewe muda wa kuendelea kutupa. Jaji Lugakingira alikataa, na aliona ajabu kwamba mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira ya watu. Akaihusisha haki ya kuishi ya ibara ya 14 na uhai wa watu wale. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakafungua kesi, Festo Balegele na wenzake 794 dhidi ya Halmashauri ya Jiji, mwaka 1991, na Mahakama Kuu ikasema kutupa taka pale kunakiuka ibara ya 14.

Kwa hiyo haki ya kuishi ilishasomwa kuwa ni pamoja na hewa isiyoua. Hakuna sababu ya kimantiki isisomwe kuwa ni pamoja na maji ya kunywa au paa wakati wa masika. Inahitaji kesi nzuri na watu wa kuisimamia.

#10 Mtoto wa Vingunguti

Mkwezi, umeishia Kunduchi. Hujasema taka zilikwenda wapi baada ya pale.

Zilikuja kwetu. Nimekulia Vingunguti miaka ya 1990, jalala lilikuwa pale bondeni. Tulicheza mpira na malori yakipita. Mama yangu aliugua kifua miaka yote hiyo. Watu wa Tabata walishinda, watu wa Kunduchi walishinda, nami nafurahi kwa ajili yao, lakini ushindi wao ulitufikia sisi kama lori. Baada yetu zikaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi. Kila mara zilifuata mahali ambapo watu hawakuwa na wakili.

Mbongo wa Bellville ameuliza wajipange na nani. Kama mzee wa Tabata angekuja Vingunguti mwaka ule kutuambia, "zinakuja kwenu, tukae pamoja," tungesimama wote kudai jalala lijengwe inavyotakiwa, mbali na nyumba. Hakuna aliyekuja. Na sisi zilipotoka kwetu hatukwenda Mtoni.

#11 Mkwezi

Ndugu wa Vingunguti, pole kwa mama. Nimeusoma ujumbe wako taratibu na sina cha kuupunguza.

Najibu sehemu moja tu ambayo ina kazi ndani yake. Mwaka 2020 Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu Muhimu ilirekebishwa. Sasa anayefungua shauri la haki za msingi lazima aape kwa maandishi jinsi yeye mwenyewe alivyoathirika. Asasi za kiraia zilizozoea kushtaki kwa niaba ya umma zimebanwa sana, na mimi nilipinga na bado napinga. Lakini kwa maana hiyo kesi inayofuata ya ibara ya 14 haiwezi kuanzia ofisini kwa wakili Posta. Itaanzia kwa walioathirika, kwa majina na viapo vyao, kama wale 795 wa Kunduchi, na hakuna kinachozuia viapo hivyo vitoke mitaa mitatu au minne kwa pamoja.

Mwalimu, yule bibi wa TASAF: mwandikie barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, aombe sababu ya kuondolewa kwa maandishi, abaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Watafute na wengine wa kata hiyo walioondolewa msimu huo huo, kila mmoja na barua yake. Nitumie ujumbe wa faragha, nitakusaidia kuziandika.